Doa kwenye Jani la Mpunga

Anayetaka kuyajua magonjwa ya majani ya mpunga hana budi kuwahi shambani kabla umande haujakauka. Saa hizo yapo mambo mawili ambayo ikifika saa nne hayaonekani tena: vumbi la kijivu ambalo kuvu hulitoa usiku juu ya doa, na vitone vya manjano ambavyo bakteria huvitoa ukingoni mwa jani. Jua likipanda, vumbi hupeperuka na vitone hukauka, jani likabaki na baka la kahawia ambalo laweza kuwa la ugonjwa wowote. Kwa hiyo mtaalamu ninayemwandika hapa, mwanamke ambaye wakulima wa majaruba ya Dakawa, wilayani Mvomero, wanamwita bibi shamba ingawa kazi yake hasa ni magonjwa ya mimea, hufika wakati yangeyange ndio kwanza wanatua kwenye mifereji inayoleta maji ya mto Wami. Anayajua majina ya magonjwa mengi, na bado shambani huwa mtu wa mwisho kutaja jina.

Akifika haingii majini. Husimama juu ya tuta, jua likiwa mgongoni, akalitazama shamba zima. Kuvu mara nyingi huanza kwa mabaka: hapa pamekauka, hatua chache mbele bado ni kijani kibichi. Ugonjwa wa bakteria hujitokeza zaidi baada ya dhoruba, kwa kuwa upepo na mvua huyakwaruza majani na kuufungulia njia, na huacha ncha nyingi zimepauka kwa pamoja. Kimyanga, ugonjwa wa virusi ambao ulitambuliwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1966, hudumaza mashina na kuyapa majani rangi ya manjano yenye michirizi. Na mahali ambapo maji yanachuruzika kutoka juu na kutuama, madini ya chuma yakizidi kwenye udongo, majani hugeuka rangi ya shaba bila kuvu wala mdudu kuhusika. Mtu akiruka hatua hii akakimbilia jani moja, atalijua jani hilo na kulipoteza shamba. Yeye hutazama mpaka ameona ugonjwa umeanzia upande gani, na maji yanaingia na kutokea wapi.

Siku niliyofuatana naye, shamba lilikuwa la mzee mmoja aliyepanda SARO 5, mbegu yenye harufu kiasi iliyotokana na utafiti wa hapo hapo Dakawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huu mpunga umeungua. Wewe nitajie dawa tu, kijana wangu ana bomba tayari."

"Pole sana, mzee wangu. Ulianza kuungua lini?"

Maswali yalifuatana taratibu, bila kuhojiana. Mbegu zilitoka dukani au ghalani mwake? Kitalu kilikaa siku ngapi kabla ya kupandikiza? Urea aliiweka mara ngapi, na mkono ulikuwa mzito kiasi gani? Maji yalikatika? Hapo mzee akakumbuka kwamba zamu yake ya maji ilipita bila maji kufika, jaruba la juu likakaa kavu hadi udongo ukapasuka, na mpunga ulipoanza kupauka akauongezea urea ili urudishe rangi. Majaruba ya chini hayakukauka. Huko mbolea haikufika kabisa, kwa sababu ilikuwa imekwisha. Mtaalamu aliandika yote kwa penseli. Wino hufutika ukiloa, na daftari lake limeshaanguka majini mara nyingi.

Majibu ya namna hiyo ni nusu ya kazi. Mpunga unaosimama ndani ya maji huistahimili blasti, ugonjwa wa kuvu, vizuri kuliko mpunga ulioachwa kwenye udongo mkavu, na urea nyingi hulifanya jani kuwa laini na shamba kuwa zito, umande ukakaa humo hadi mchana. Doa la kahawia, ugonjwa mwingine wa kuvu, lina tabia nyingine: hulipenda shamba lenye njaa, lililopungukiwa potasiamu na virutubisho vingine. Kwa hiyo hata kabla hajashika jani alikuwa amesikia mambo mawili yanayovuta pande tofauti ndani ya shamba moja, wakati mzee anauona ugonjwa mmoja. Hakusema kitu. Akavaa mabuti ya mpira, akashuka.

Ndani ya jaruba huenda kwa kukata pembe, kutoka kona hadi kona, ili asichume pale tu palipoharibika zaidi. Na hapa ndipo nilipoanza kuiheshimu kazi yake kwa kweli, kwenye uchaguzi wa jani. Mkulima akiulizwa dalili huleta jani lililokufa, maana ndilo linalomuuma. Yeye hulipita. Jani lililokwisha kufa limeshavamiwa na kuvu nyingine zinazokula mabaki, na aliyelipeleka maabara ataziona hizo na kumkosa mhalifu. Anachokitafuta ni doa changa, na ndani ya doa hilo anautafuta mpaka, ule mstari ambapo ugonjwa unakutana na sehemu nzima ya jani. Hapo ndipo kuvu ilipo hai. Aliweza kuinama kwenye shina moja kwa muda mrefu, akifungua jani moja moja kutoka chini kwenda juu, akiacha matatu na kuchuma moja.

Jani likishachumwa huliweka kati ya jicho na mwanga, akaligeuza, akatazama upande wa chini, kisha akasogeza lenzi ya mkononi karibu na jicho na kulileta jani kwenye lenzi. Wengi hufanya kinyume, lenzi juu ya jani na uso mbali, wakaona kidogo. Katika jaruba la juu alinionyesha doa ambalo ncha zake mbili zimechongoka kufuata mishipa ya jani, katikati pamepanuka na kuwa rangi ya majivu, pembeni pana ukingo wa kahawia iliyoiva, na nje ya ukingo huo kivuli chembamba cha njano. Madoa mawili yalikuwa yamekutana na kuua upana wote wa jani. Kwenye lenzi, sehemu ile ya majivu ilikuwa na manyoya mafupi, membamba mno, yaliyosimama. Alipolipulizia pumzi yalitikisika.

Jaruba la chini lilikuwa na madoa ya namna nyingine. Hayo yalikuwa madogo, yenye umbo la yai na ukubwa wa punje ya ufuta, yametawanyika jani zima bila kujali mshipa, yote yakikaribiana kwa ukubwa. Makubwa kidogo yalikuwa na kitovu cha rangi hafifu. Nikisimama tutani nisingeyatofautisha na yale ya juu. Hata nikiwa nimeyashika mkononi ilinibidi nielekezwe.

Akayapitia na mengine, kwa sababu hataki kukubali alichokiona mpaka amekataa ambacho hakukiona. Hakuna vijistari vifupi vyembamba vinavyofuata mishipa, ambavyo ni vya kuvu ya jamii ya Cercospora. Hakuna jani lililoungua kuanzia nchani kwa mikanda ya kahawia nzito na nyepesi inayofuatana. Hakuna vidoa vyeusi vilivyoinuka kidogo, vile vya fugwe ya majani ambavyo vikiloa hupasuka na kutoa unga mweusi. Kisha akayatenga mashina kwa mikono miwili na kutazama chini, usawa wa maji. Huko ndiko kuvu ya Rhizoctonia huanzia, kwenye ala ya jani, kwa mabaka ya kijivu na kijani yanayopanda juu shina baada ya shina pale mpunga uliposongamana. Ala zilikuwa safi. Anayetazama majani ya juu peke yake huikosa hiyo, na akija kuigundua imeshapanda hadi jani la mwisho.

Bado kulikuwa na bakteria wa kuondoa shaka. Kwa hili huwa na bilauri ya kioo kisicho na rangi, chupa ya maji safi na wembe. Alikata ncha ya jani moja lililopauka ukingoni, kipande cha urefu wa kidole gumba, akikata mara moja bila kusaga, kisha akakitumbukiza majini huku upande uliokatwa ukielekea chini, akakishikilia na kukaa kimya. Kama ni bakteria, baada ya dakika chache uzi wa ukungu mweupe hushuka kutoka kwenye mishipa iliyokatwa. Mkono wake haukutikisika hata kidogo, maana maji yakitibuka uzi hauonekani. Tulisubiri, mzee naye akachuchumaa tutani kutazama. Maji yakabaki safi. Akarudia na jani lingine, na lingine tena. Kati ya vipimo vyote nilivyowahi kuona, hiki ndicho ninachokiona kizuri kuliko vingine: hakihitaji umeme wala kemikali, kinahitaji mkono uliotulia tu.

Nilitarajia kwamba sasa angetamka jina. Badala yake alimwambia mzee mambo mawili: arudishe maji jaruba la juu siku hiyo hiyo hata kwa kuazima zamu ya jirani, na asiguse urea. "Hayo hayataharibu kitu hata tukija kukuta ni ugonjwa mwingine, mzee. Bomba lisubiri." Mzee alisita, na namwelewa. Mpunga unaokauka humnyima mtu usingizi, na duka la pembejeo liko karibu. Lakini dawa ya kuvu haimgusi bakteria wala kirusi, na haiponyi njaa ya udongo. Tena majaruba hayana ukuta. Kinachopuliziwa juu hutoka kwa mzee, kikaingia kwa jirani, kikarudi mferejini walimo perege na kambale ambao watoto wanawavua jioni.

Sampuli alizifunga kwenye magazeti, kila jaruba na furushi lake, kisha ndani ya bahasha za karatasi. Plastiki hulifanya jani litoe jasho na kuoza njiani. Juu ya kila bahasha aliandika mahali, tarehe, mbegu, umri wa mpunga, na sehemu ya mmea alikotoa jani. Nimeona watu wakiwa na haraka wakiandika "jani, shamba la mzee" basi. Bahasha ya namna hiyo wiki ijayo haimsaidii mtu. Mpaka tunafika maabara, mafurushi yalikuwa mapajani mwake, mbali na jua la dirishani.

Maabara ni chumba kimoja chenye meza ndefu, na kazi ya hapo huanza kwa usafi. Vipande vidogo vya jani, kila kimoja kikiwa na ule mpaka wa doa na uzima, huoshwa kwenye maji yenye klorini kidogo kwa muda mfupi ili kuua vijidudu vya juu, kisha husuuzwa mara tatu kwa maji yaliyochemshwa kwa mvuke. Muda ukizidi, klorini huiua na kuvu iliyomo ndani. Ukipungua, uchafu wa juu huota na kufunika kila kitu. Anatumia saa ya ukutani na midomo yake ikihesabu pamoja nayo. Kwa kibano hupanga vipande juu ya karatasi ya chujio iliyoloweshwa, ndani ya sahani ya petri, akafunika na kuacha usiku upite. Kilichobaki ni kuipa kuvu usiku wa umande ulio mfano wa ule wa shambani, nayo itoe mbegu zake yenyewe.

Asubuhi vipande vya jaruba la juu vilikuwa vimeota manyoya ya kijivu. Aligusa manyoya hayo kwa kipande cha utepe wa gundi, akakilaza juu ya tone la rangi ya buluu kwenye kioo, akaisogeza hadubini. Alitazama kwanza kwa lenzi ndogo, akapanda moja baada ya nyingine, akirekebisha mwanga kila mara. Kisha akaniachia kiti. Mbegu za kuvu zilikuwa zimetapakaa: chini nene, juu zimechongoka, kila moja imegawanywa na kuta mbili kuwa vyumba vitatu, na kwenye kitako ina kishikizo kidogo ilipokatikia shina lake. Urefu wa mbegu moja hauzidi sana sehemu ya hamsini ya milimita. Hiyo ni Pyricularia oryzae, kuvu ya blasti. Ugonjwa huu uliandikwa China katika kitabu cha Song Yingxing cha mwaka 1637, na unaufuata mpunga karibu kila unakolimwa.

Nguvu ya kidude hicho inastahili kusimuliwa. Kikitua juu ya jani lenye umande hujigandisha kwa gundi yake, kikachipua uzi, na mwisho wa uzi huo kikajenga kuba jeusi linalojazwa maji mpaka shinikizo la ndani linafikia kiasi cha mara themanini ya shinikizo la hewa tunayoivuta. Kutoka chini ya kuba hutoka kigingi chembamba kinachotoboa ngozi ya jani. Haya yote yanaweza kukamilika katika usiku mmoja, na doa likishakomaa hutoa maelfu ya mbegu kwa usiku. Ndiyo maana swali lake la kwanza kwa mzee lilikuwa lini.

Vipande vya jaruba la chini vilitoa kitu tofauti kabisa. Mbegu zake zilikuwa kubwa mara kadhaa, rangi ya kahawia, zimepinda kidogo, nene katikati, na zimegawanywa kwa kuta nyingi. Ni Bipolaris oryzae, kuvu ya doa la kahawia. Wapo wanaouita ugonjwa huu mdogo. Yeye hakubali. Mwaka 1942 uliharibu vibaya mavuno ya mpunga huko Bengal, na ingawa njaa kubwa ya mwaka 1943 ilikuzwa pia na vita na kupanda kwa bei, doa hili limo miongoni mwa mambo yanayotajwa.

Mtu mwingine angeishia hapo. Yeye alichukua sahani nyingine yenye ute wa mwani mweupe usio na chakula, akatawanya humo mbegu chache, na siku iliyofuata, akiwa ameinamia hadubini na sindano iliyonolewa hadi ikawa nyembamba kuliko unywele, akaitafuta mbegu moja iliyochipua peke yake, akakata kijipande cha ute chini yake, akaihamishia kwenye sahani yake yenyewe. Pumzi aliizuia. Kutokana na mbegu hiyo moja hukua kuvu isiyochanganyika na nyingine, na kuvu hiyo ndiyo itakayorudishwa juu ya miche mizima ili ionekane kama inaleta doa lile lile. Asilimia kubwa ya mbegu alizozigusa zilipotea au zilikuwa na jirani. Alianza upya kila mara bila kubadilisha uso.

Hupokea pia picha kwa simu, nyingi sana, kutoka kwa wakulima wa mbali. Hazidharau, zinamsaidia kujua aende wapi kwanza. Ila kila picha huijibu kwa kuuliza: geuza jani nione chini, maji yako yamekaaje, shina limeoza au zima. Naamini huo ni ukarimu mkubwa kuliko kumtumia mtu jina la dawa.

Tulirudi kwa mzee wiki ilipokwisha. Maji yalikuwa yamerudi, na majani mapya ya jaruba la juu yalikuwa na madoa machache kuliko ya zamani. Alilipima kwa kipimo cha 0 hadi 9 kinachotumiwa na IRRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga iliyoko Ufilipino. Madoa yenye umbo kamili ya milimita 3 au zaidi, yakiwa yameshika asilimia 4 hadi 10 ya jani, ni namba 5. Sasa ndipo akataja majina, mawili, kila moja akiwa amesimama kwenye jaruba lake. Juu ni blasti: maji yasikatike, na bomba litumike hapo peke yake, pale masuke yanapoanza kutokeza, kwa sababu blasti ikihamia kwenye shingo ya suke hukata chakula na suke zima likawa jeupe bila punje. Chini ni doa la kahawia: hapo bomba halina kazi kubwa, udongo unataka mbolea yenye potasiamu, na mbegu za msimu ujao zisitoke humo, maana kuvu hii husafiri ndani ya mbegu.

"Na zile pumba ninazochoma kinuni?" mzee akauliza.

"Majivu yake usiyatupe, mzee. Yarudishe shambani kabla ya kulima." Akamweleza kwamba mpunga hufyonza silika kwa wingi kuliko mazao mengi na kuipanga chini ya ngozi ya jani, ikalifanya gumu kutobolewa, na kwamba silika hiyo kwa sehemu kubwa huondoka shambani pamoja na majani na pumba kila mavuno. Mzee akamuita kijana wake asikie mwenyewe, naye mtaalamu akaanza kueleza tena tangu mwanzo.